Mume wangu alipigwa picha ya moyo, mimi nikapewa dawa ya asidi

Shikamoo dada,

Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, mwenyeji wa Tanga ila sasa hivi naishi huku Marekani, jimbo la Ohio, huu mwaka wa tisa. Nina miaka 47, watoto wawili, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, shifti ya usiku. Barua ni ndefu kidogo, nisamehe, nimeiandika kwenye simu nikiwa breki.

Mwezi wa pili nilikuwa kazini kama saa kumi alfajiri nikasikia chembe ya moyo inauma. Sio kuuma kwa kuchoma, ni kama mtu kaniwekea jiwe pale, afu taya likawa zito, jasho jembamba likanitoka na kichefuchefu juu. Nikasema ni chakula tu, nilikula maharage ya jana. Nikanywa maji ya moto nikakaa. Nusu saa inapita halijaondoka. Mwenzangu akaniangalia akasema we dada rangi yako sio, twende, akanipeleka kwa gari lake mwenyewe hadi imejensi.

Pale dirishani wakaniuliza maumivu yako wapi. Sasa dada, Kiingereza cha kazini nakijua, cha kumgeuza mgonjwa na kumpa dawa zake, lakini chembe ya moyo unaiitaje? Nikaweka mkono hapa chini ya kifua nikasema tumbo, juu ya tumbo, nikaongezea labda gesi. Wakaandika hivyohivyo. Nikakaa kwenye kiti muda mrefu sana, baadae wakaniita wakanipima ECG, ile ya umeme wa moyo, wakasema nzuri, wakatoa damu, wakasubiri wakatoa tena. Daktari alikuja kama dakika tano, kijana mpole sina ugomvi naye, akaniuliza kama nina stresi nyumbani, nikasema nani hana. Akasema moyo uko sawa, hii ni asidi na uchovu na wasiwasi, akaniandikia dawa ya asidi na saa nne asubuhi nikawa nyumbani. Kwenye apu ya hospitali nimeona ile damu ya troponini, ya kuonesha kama moyo umeumia, ilikuwa 7 na ya pili 8, wameandika kawaida.

Kilichonifanya nikuandikie ni kwamba wiki sita baadae mume wangu naye, miaka 52, akabanwa kifua tukiwa tunahama anabeba makochi. Hospitali ileile, mlango uleule. Yeye akasema kifua kinabana. Dada, hata kiti hakukalia. ECG yake nzuri kama yangu, damu nzuri kama yangu, lakini yeye wakasema hatukuachii hivihivi, wakampa dawa ya kushusha mapigo wakamwingiza kwenye CT ya mishipa ya moyo, na mchana majibu yakaja kwamba kuna mafuta kidogo kwenye mshipa mmoja ila haujaziba, wakamwanzishia dawa ya kolestro. Yeye ana presha, ana kolestro na anavuta sigara, kwa hiyo nilishukuru sana. Ila nimekaa pale pembeni namshikia koti najiuliza, mbona mimi nilirudishwa na karatasi?

Nimemwambia, akasema labda kwa sababu ulisema tumbo. Shoga yangu anasema ni kwa sababu we mwanamke, tena mweusi. Mwingine kasema shukuru Mungu hawakukupiga hiyo CT maana mionzi yake inaleta kansa ya matiti. Sijui nishike lipi.

Na kuna kitu sijamwambia mtu. Sikuhizi nikipanda ngazi na kapu la nguo kutoka besimenti lile jiwe linarudi, nikisimama dakika mbili tatu linaondoka. Sio kila siku. Dawa ya asidi nimemaliza, haijasaidia kitu.

Historia yangu: sivuti, sina sukari. Presha daktari wangu alishasema ninayo ila sijaanza dawa. Nimenenepa tangu nianze usiku, BMI imeandikwa 33. Kaka yangu alipata shambulio la moyo akiwa na 51, yuko hai. Na mimba ya pili nilipata kifafa cha mimba, mtoto akatolewa wiki ya 34, sasa ana miaka 14. Haya hawakuniuliza na mi sikuyasema, ntaanzaje kuongelea uzazi wa zamani wakati tumbo ndo linauma?

La mwisho, dada yangu mkubwa yuko Tanga ana maumivu hayahaya ya chembe ya moyo, anatibiwa vidonda vya tumbo mwaka sasa. Nimwambie nini?

Mama Wawili, Ohio

—

Marahaba mdogo wangu, na pole.

Kabla sijagusa swali lako hata moja naanza na lile ulilolificha katikati ya barua, la ngazi na kapu la nguo. Maumivu yanayokuja ukijituma na kuondoka ukisimama ni ya moyo mpaka mtu athibitishe sio. Kesho asubuhi kliniki ikifungua piga simu, usiseme nina asidi, sema nina maumivu ya kifua yanayokuja nikipanda ngazi na yanaisha nikipumzika, yameanza karibuni. Wakikupa miadi ya miezi mitatu mbele kataa, waambie nahitaji wiki hii. Na likija umekaa tu, au likipita zile dakika zako bila kuondoka, au likaja na jasho na taya kama ile alfajiri, au ukaona linakuja kwa ngazi chache kuliko zamani, hapo ni 911, namba ya dharura ya huko, usisubiri shifti iishe. Tena ambulensi, sio gari la mwenzako, maana wale wana ECG ndani ya gari, wanakupima njiani, na ukifika hupangi foleni dirishani kuulizwa inauma wapi.

Sasa tuongee.

Chembe ya moyo. Nimesoma pale uliposema "unaiitaje" nikaweka simu chini. Wazee wetu hawakukosea kupaita vile. Uso wa chini wa moyo umelalia kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na waya za fahamu zinazobeba maumivu kutoka moyoni na kutoka tumbo la juu zinaingia kwenye uti wa mgongo karibukaribu, ubongo unashindwa kujua nani kapiga kelele. Kwa hiyo moyo unaoumia upande wa chini unaweza kuongea kutoka palepale ulipoweka mkono. Ila ukishatafsiri ukasema "tumbo", neno moyo limebaki Tanga na dirishani imeingia gesi.

Na nakwambia hivi nikiwa na deni langu mwenyewe. Nimekuwa nesi wa mapokezi ya dharura miaka zaidi ya ishirini, na kuna mama mmoja muuza vitumbua alikuja asubuhi, hospitali niliyokuwa Dar, kashika chembe ya moyo, anatapika. Nilimpa dawa ya tumbo nikamwambia kaa pale benchi mama, nikaendelea na mzee mmoja aliyeshika kifua. ECG alikuja kupimwa masaa matatu baadae alipolegea. Lilikuwa shambulio la moyo la upande wa chini. Alipona, lakini moyo ulibaki dhaifu na kazi ya kukaa na moto alfajiri hakuiweza tena. Mimi mwanamke mwenzie, naongea lugha yake, na bado nilimuweka benchi. Kwa hiyo nikikueleza kuhusu yule daktari kijana mpole usidhani namsema kwa mbali.

Swali lako ni kwa nini shemeji kapigwa picha na we hukupigwa. Jibu ni kwamba picha haigawiwi kwenye mlango wa CT, inagawiwa dakika kumi za kwanza pale unapowekwa kwenye kundi la hatari. Hospitali nyingi zinatumia hesabu moja iliyotoka Uholanzi mwaka 2008, inaitwa HEART, vitu vitano na kila kimoja kinapewa 0, 1 au 2: maelezo ya mgonjwa, ECG, umri, vihatarishi na troponini. Ukipata 0 mpaka 3 we ni hatari ndogo, unaweza kurudi nyumbani. Kuanzia 4 mpaka 6 uko katikati, wanakushikilia, na hao wa katikati ndio haswa wanaofaidika na CT ya mishipa ya moyo au kipimo kingine cha picha. 7 kwenda juu ni hatari kubwa, ni wa kulazwa na mara nyingi kuingizwa waya kwenye mishipa. Sijui kama walitumia hiyohiyo kwako, lakini nyingine zote zinafanana nayo kiasi, kwa hiyo ngoja tukuhesabu.

Miaka 47, pointi 1. ECG nzuri, 0. Troponini 7 na 8, haikupanda, 0, na hilo ni la kweli kabisa la kushukuru, maana yake asubuhi ile nyama ya moyo haikuwa inakufa. Vihatarishi: presha kimoja, unene wa BMI juu ya 30 cha pili, kaka aliyeugua na miaka 51 cha tatu, vitatu vinakupa pointi 2. Tuko 3. Imebaki ile ya kwanza, maelezo ya mgonjwa, ambayo haina mashine, ni daktari anasikiliza anaamua hii hadithi inanukia moyo kiasi gani. Tumbo, gesi, maharage ya jana, stresi: 0. Jumla 3, kwaheri. Lakini mtu angekaa akakuuliza vizuri akapata jiwe, taya, jasho, kichefuchefu, hiyo ni 1 au 2, jumla 4 au 5, na hapo ndipo aliposimama shemeji yangu. Umri wake 1, vihatarishi 2, na "kifua kinabana" ikamvusha. Na kama hawakukuuliza habari za kaka, ina maana kwao hata hiyo 3 hukufika. Pointi moja mdogo wangu, na ilikuwa kwenye neno.

Kwa hiyo mume wako yuko sahihi. Na shoga yako naye yuko sahihi, hawapingani. Kwa sababu hiyo pointi ya maelezo ndo mahali ambapo masikio yanasikia tofauti kulingana na nani anaongea. Hili lina miaka mingi linaandikwa. Mwaka 1991 daktari wa moyo Bernadine Healy, mwanamke wa kwanza kuongoza taasisi za taifa za utafiti wa afya huko Marekani, alilalamika kwenye jarida kubwa la madaktari kwamba mwanamke anaanza kutibiwa sawa na mwanaume pale tu anapokuwa ameshathibitisha kuwa anaumwa kama mwanaume. Mwaka 1999 kwenye jarida hilohilo ukatoka utafiti, madaktari 720 walioneshwa video za waigizaji wanane, wanaume na wanawake, weupe na weusi, wote wanasoma maumivu yaleyale, wakaulizwa nani apelekwe kupimwa mishipa kwa waya. Wanawake weusi walipelekwa kidogo kuliko wanaume weupe. Watu wamebishana sana kuhusu ukubwa wa hiyo tofauti na jinsi ilivyotangazwa, na ni haki kusema hivyo, lakini kuwepo ilikuwepo.

Halafu kuna ule wa watu waliopata shambulio la moyo wakiwa na miaka 18 hadi 55 huko huko Marekani, karibu watu 3,000, uliotoka 2018. Huu naupenda kwa sababu unaua uongo mmoja tuliofundishwa darasani, kwamba wanawake hawaumwi kifua. Walioumwa kifua walikuwa karibu asilimia 90 kwa wanaume na 87 kwa wanawake, sawasawa tu. Tofauti ni kwamba wanawake walikuja na vingine vingi juu yake, tumbo, taya, pumzi, uchovu, na hivyo vingine ndo vinavyoandikwa kwanza. Na wale waliokuwa wameshakwenda kwa daktari kabla ya shambulio, asilimia 53 ya wanawake walisema waliambiwa sio moyo, wanaume asilimia 37. Ndio maana mwongozo wa maumivu ya kifua uliotolewa Oktoba 2021 na vyama vya moyo vya Marekani ulisema tuache kabisa kuita dalili za mtu "zisizo za kawaida". Zisizo za kawaida kwa nani? Ukasema wazi pia kwamba wanawake wako kwenye hatari ya kukosewa, kwamba ECG isomwe ndani ya dakika 10 toka mtu afike, na kwamba asiyejua lugha vizuri apewe mkalimani wa kweli. Hivyo vyote ulikuwa na haki navyo asubuhi ile.

Nisikudanganye lakini. Sio kila anayeumwa kifua anatakiwa CT, na angekuwa mtu wa pointi 2 kweli ningewatetea. Huko Uingereza walijaribu kuwapiga CT mapema watu 1,748 wa hatari ya kati waliokuja dharura, matokeo yakatoka 2021, na mwaka mmoja baadae vifo na mashambulio havikupungua ukilinganisha na wasiopigwa. Picha peke yake sio dawa. Kinachofanya kazi vizuri ni kumaliza ubishi haraka. Jaribio la Marekani la 2012, watu 1,000 kwenye hospitali tisa, waliopigwa CT walikaa hospitali pungufu kwa wastani wa masaa 7.6 na karibu nusu yao walienda nyumbani moja kwa moja kutoka dharura, wakati kwa wengine ilikuwa asilimia 12 tu. Walipokuja kutenganisha wanawake na wanaume, muda ulipungua zaidi kwa wanawake. Yaani hicho kipimo ambacho sisi tunakipata kwa shida, sisi ndo kinatufaa zaidi, maana wengi wetu mishipa inakutwa haijaziba na tungelazwa bure, na wachache wenye mafuta yaliyoanza kujificha ukutani wanaonekana mapema na kuanza dawa. Kama shemeji. Yeye sasa hivi anameza dawa ya kolestro kwa sababu mtu alimpiga picha. Mishipa yako we hakuna aliyeiona.

Lile la matiti. Aliyekwambia hakutunga, kifua cha mwanamke kiko njiani kwa mionzi na titi haliwezi kukwepa, na kwa msichana wa miaka 22 asiye na kihatarishi hata kimoja hilo ni jambo la kupima kwa uzito. Lakini hatari hiyo inapungua kadiri umri unavyosogea, mashine za sasa zinatoa mionzi kidogo sana kuliko za miaka 15 iliyopita, na we una maumivu ya ngazi na kaka mgonjwa. Mshipa usiojulikana ni hatari kubwa kwako kuliko hiyo picha. Watakupima mimba kwanza kama bado unapata siku zako, wataangalia figo kwa ajili ya ile dawa ya rangi inayopita kwenye mshipa, waambie kama una pumu au mzio. Watakupa kidonge cha kupunguza mapigo ili picha isitikisike na dawa ya chini ya ulimi ya kufungua mishipa, kwetu inasaidia sana maana mishipa ya moyo ya mwanamke ni myembamba kidogo. Inaweza kukuuma kichwa, inapita. Na hakikisha ni CT ya mishipa ya moyo inayopigwa kwa kufuata mapigo, maana wengi wanarudi wanasema nimepigwa CT ya kifua iko safi, kumbe ilikuwa ya kutafuta damu iliyoganda kwenye mapafu, mishipa ya moyo haikusomwa vizuri.

Wanaweza kukupa kipimo kingine badala yake, usigome. Kukimbia kwenye mashine na ECG peke yake kwa wanawake inakosea sana, inasema kuna tatizo wakati hakuna. Picha ya dawa ya nyuklia ya aina ya zamani nayo titi linaweka kivuli kinachofanana na sehemu ya moyo isiyopata damu, kwa hiyo uliza kama wana njia ya kurekebisha kivuli. Eko, yaani ultrasaundi ya moyo, baada ya kujituma haina mionzi na ni nzuri ikifanywa na anayejua.

Na kitu kimoja ambacho nakuomba ukiandike mahali. CT ikitoka safi na jiwe likaendelea, usikubali kurudishwa kwenye wasiwasi na asidi hivihivi. Mishipa midogo ambayo CT haiioni inaweza kubana yenyewe, mshipa mkubwa unaweza kujikaza ukalegea, na haya yanatupata zaidi sisi. Watu wa Marekani walianza kuyafuatilia kwa wanawake tangu 1996. Kuna utafiti mwingine wa wanawake 145 waliopata shambulio la moyo halafu mishipa ikakutwa haijaziba, wale ambao zamani tungewaambia hatujui nendeni tu nyumbani, walipoangaliwa kwa kamera ya ndani ya mshipa na kwa MRI ya moyo sababu ilipatikana kwa asilimia 85 hivi ya waliofanyiwa vyote viwili. Sababu huwa ipo. Inataka mtu wa kuitafuta.

Sasa kifafa cha mimba. Umekiweka mwishoni kabisa kwa aibu, kama kitu cha kuomba radhi. Mdogo wangu hicho ndo kilitakiwa kuwa mstari wa kwanza. Mwanamke aliyepitia hicho hatari yake ya ugonjwa wa moyo baadae ni karibu mara mbili ya mwenzie, na tangu 2011 mwongozo wa American Heart Association, chama cha moyo cha Marekani, kwa wanawake unakitaja kama kihatarishi. Na nenda kaangalie ile hesabu ya vitu vitano, hakimo. Hakuna kisanduku cha kukiweka. Kwa hiyo hakuna nesi dirishani wala daktari wa dakika tano atakayekuuliza, ukikaa kimya kinabaki na wewe. Hivyohivyo na hedhi iliyokoma mapema, lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia), mionzi ya kifua kwa ajili ya kansa. Vyote vinasemwa kwa mdomo au havisemwi.

Kwa hiyo ukienda sema hivi, iandike kwenye simu kabisa: nina miaka 47, nina presha, nilipata kifafa cha mimba nikazaa wiki ya 34, kaka yangu alipata shambulio la moyo na miaka 51, nabanwa hapa nikipanda ngazi na inaisha nikisimama, naomba kujua niko kundi gani la hatari na kwa nini. Hilo la mwisho ni la muhimu kuliko kudai CT. Ukidai CT watakuona umesoma mtandaoni, ukiuliza kundi lazima wakuhesabu mbele yako. Na kuhusu troponini, waulize walitumia kikomo cha wanawake au cha wote, maana moyo wetu ni mdogo, kwenye kipimo kimoja kinachotumika sana kikomo cha mwanaume ni 34 na cha mwanamke 16. Kila mashine na namba zake, yako ilikuwa chini, lakini siku nyingine ikiwa 20 usikubali neno "kawaida" bila kuuliza kawaida ya nani.

Mkalimani ni bure, hospitali zinazopokea hela za serikali kuu huko zinalazimika kukupa, waambie Kiswahili. Usimtumie mume wala mtoto. Ila mkalimani anaweza kuwa Mkenya au Mkongo na chembe ya moyo asiijue, kwa hiyo weka mkono pale na useme kifua. Kifua, sehemu ya chini. Sio uongo, ndo penyewe. Na bima wakichelewesha kibali cha kipimo, muombe daktari awaandikie tena akitaja maumivu ya ngazi na kifafa cha mimba, hayo mawili yana uzito.

Dada yako wa Tanga. Mwaka mzima wa vidonda vya tumbo bila kupona ni mrefu mno. Aende hospitali ya mkoa apimwe presha, sukari na ECG, na aulizwe kama inamshika akitembea au akila, hilo swali peke yake linatenganisha mengi. Ya kujituma ikithibitika aombe rufaa, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili wana CT na maabara ya kuingiza waya, sio lazima apelekwe India. Ikimshika na jasho siku hiyohiyo hospitali, asilale nayo akisubiri kupambazuke.

Mpigie leoleo kabla hujaingia shifti. Na muulize mimba zake zilikuwaje, presha ilipanda, miguu ilivimba, mtoto alikuja kabla ya siku? Nina hakika hajaulizwa. Majibu yako ya wiki hii nitumie.